Yowe kwa Ajili ya Panya

Vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto vilikatwa barabarani, mchana kweupe, kwa ajili ya panya. Nasema hili mapema ili mcheke, mmalize, tuendelee. Sokoni Bunda kuna mmoja alicheka mpaka akashika mbavu, nikamrushia ndizi mbichi ikampata puani. Sipendagi kuchekwa nikiwa naongea.

Mimi ni Nyamburi. Mume wangu alikufa akaniachia shamba la mihogo, ng'ombe wachache na nyumba isiyo na mtoto. Huku kwetu Butiama mwanamke wa namna hiyo ana njia yake tangu enzi za bibi zetu: anatoa ng'ombe, anaoa mke. Ndiyo, mimi mwanamke nimeoa mwanamke. Mke huyo ana chumba chake, anazaa na mwanamume atakayempenda mwenyewe, na mtoto anakuwa wa nyumba yangu. Anabeba jina la marehemu, anarithi shamba. Padri wetu akisikia habari hizo anakohoaga na kuangalia pembeni. Nyie msionijua, msinitolee macho.

Mke wangu anaitwa Jenipher, binti wa mzee Nicolaus wa Bunda. Alikuwaga Morogoro, kwa watu wanaofundisha panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini kwenye nchi zilizopigana vita. Kazi yake ilikuwa kuwalisha na kusafisha vizimba. Kazi ilipoisha akarudi kwao na panya mmoja mstaafu, mkubwa kama paka, mkia mweupe kwenye ncha. Jina lake Afande. Sijui aliwabembelezaje mpaka wakampa.

Mzee Nicolaus alimpokea bintiye kwa mkanda. Akamshika panya mkia, akambamiza ukutani. Panya hakufa, na Jenipher akamng'ata baba yake mkono mpaka damu ikatoka, akatoka akalala nje na kizimba kifuani. Nilipokwenda kuposa, mzee bado alikuwa amefunga kitambaa. Akaniuliza, "Utamchukua na dude lake?" Nikamwambia nachukua vyote, lete. Nilitaka mtoto kwenye nyumba yangu. Hata angekuja na chatu ningemtandikia mkeka.

Jenipher hakunidanganya. Siku ya kwanza tu alikaa mbele yangu, akasema, "Mama, mimi hapa nitakaa mpaka Afande amalize siku zake. Akishakufa nitarudi Bunda, au nitakwenda kokote. Sitaki kukuficha." Nikamwambia sawa. Nilidhani mpaka panya afe, binti atakuwa ameshazaa, ameshazoea, ameshasahau.

Kumbe panya naye ana moyo, na huo moyo ukaanza kuchoka mimba ya Jenipher ikiwa bado changa.

Alianza kwa kuhema. Mbavu zinakwenda mbio wakati amekaa tu, pua inatoa mlio mwembamba, tumbo limevimba. Hakutaka tena kulala chini. Alikuwa anasinzia amekaa, kidevu juu ya khanga niliyoikunja. Jenipher alimkumbatia akalia, na mimi nikaona shamba langu linaondoka.

Lazima mumjue Amos hapo. Amos ni mtoto wa Alfonsi, na Alfonsi ni mdogo wa marehemu mume wangu. Nikifa bila mtoto, shamba ni la Amos. Mimba ya Jenipher ilimkaa kooni. Alikuja siku moja akiwa amelewa, akaingia bila hodi, akasema, "Mama mkubwa, mnatia aibu ukoo. Watu wanaugua malaria, nyinyi mnauguza panya." Kisha akakipiga teke kizimba, kikabingirika mpaka jikoni na Afande ndani yake. Nilikuwa natwanga. Nilimpiga mchi wa ugoko, akaanguka kwenye kinu. Nikamwambia siku nyingine nitapiga juu zaidi, pale anapopategemea kupata watoto. Akatoka anachechemea, ananiita mchawi.

Kesho yake tulimtia Afande kwenye kapu la nyanya, tukampeleka Bunda kwa Lukas. Huyu Lukas ni daktari wa mifugo, kijana mpole ana duka la dawa karibu na stendi. Kulikuwa na foleni ya watu wa mbuzi na kuku. Mzee mmoja akachungulia kapu, akasema, "Khaa! Hii si mboga?" Jenipher akafumba macho. Mimi nikavua kandambili, nikamchapa nayo shavuni mbele ya mbuzi wake. Watu wakatushika, na foleni ikafunguka tukapita.

Lukas hakucheka. Alimwekea Afande kipimo kifuani, akasikiliza muda mrefu. Akasema, "Moyo umetanuka, mama. Hausukumi damu vizuri, ndiyo maana maji yanajaa kwenye mapafu. Kupona haponi, ila tunaweza kumpunguzia maji, apate siku za kuishi."

"Miezi minne itatosha?" nikamuuliza.

"Miezi minne ya nini?"

"Wewe jibu."

Akamtazama Jenipher, akatazama tumbo lake, na nadhani alielewa. "Tujaribu," akasema.

Basi nikawa mwuguzi wa panya, mimi Nyamburi, niliyekuwa naua panya kwa fagio tangu utoto. Dawa ilikuwa vile vidonge vya kutoa maji wanavyopewa wazee wenye miguu iliyovimba. Kidonge tulikikata kwa wembe mpaka chembe, tukaisaga kwa mgongo wa kijiko, tukaichanganya na ndizi mbivu. Jenipher alikuwa na kalamu ya kubonyeza. Ukiibonyeza inalia ka! Huko Morogoro panya wanafundishwa kwamba mlio huo maana yake umefanya vizuri, njoo ule. Hata awe hoi vipi, Afande akisikia ka! alikuwa ananyoosha shingo na kufungua mdomo.

Mimi alinichukia mwanzoni. Alinitafuna kidole cha mkono wa kushoto mpaka mfupani, kimojawapo cha hivi ambavyo sasa sina. Nilimtukana matusi ambayo nililazimika kwenda kuyaungama. Lakini niliendelea. Nilimpiga paka wa Matrida jirani yangu kwa jiwe, akafa, kwa sababu alikuwa anazungukazunguka kizimba. Matrida alininunia wiki nzima. Nikamwambia nitamzalia paka mwingine. Jioni nilikuwa naweka kiganja kwenye mbavu za yule panya, nasikia moyo wake unavyopapatika, nasema moyoni: kaza, mwanaume, kaza, bado kidogo. Jenipher alikuwa ananiangalia tu. Siku moja akasema, "Mama, siku hizi unamshika vizuri." Nikamwambia afunge mdomo akachote maji.

Sasa niwaambie habari ya yowe. Kwetu yowe likipigwa, mwanamume haulizi. Anashika panga au upinde, anakimbilia linakotoka, na yeye anapiga lake ili kilima cha pili wasikie. Asiyetoka anatozwa ng'ombe, anaonekana mshirika wa wezi. Ndivyo mifugo yetu ilivyolindwa miaka yote. Wiki ile wezi walikuwa wamechukua ng'ombe wa Amos, na watu wote walikuwa wanalala na mapanga chini ya mto. Kijiji kizima kilikuwa kinatafuta mtu wa kumuua.

Asubuhi ile Afande alibadilika. Nyayo zake zilikuwa za buluu, mdomo wazi, anavuta hewa haiingii. Jenipher alimpigia Lukas simu. Lukas akasema mweke kwenye kivuli, mpepee, nakuja mwenyewe na sindano, nishawasha pikipiki. Ndizi zilikuwa zimeisha, nikatoka mbio kwa Matrida kuomba. Nilikuwa bado namwomba, naye ananikumbusha paka, ndipo tukasikia.

"Uuuuwiii! Uuuuwiii! Jamaniii!"

Ilikuwa sauti ya Jenipher. Tangu nimuoe nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alilia mara moja, akavuta pumzi, akalia tena kwa nguvu zote alizonazo. Kuku wakakimbia.

Mume wa Matrida alikuwa ananyoa ndevu. Alitoka na povu kwenye shavu moja na panga mkononi. Nikamkamata shati, nikamwambia, "Ni panya! Panya anaumwa!" Hakusikia, au alisikia akaona haiwezekani mtu akapiga yowe kwa ajili ya panya. Akanisukuma nikakaa chini, akainua kichwa akapiga lake. Bonde la pili wakajibu, kisha la tatu. Kilima cha kwanza walisema ng'ombe wa Nyamburi wameibwa. Cha pili wakasema Nyamburi kachinjwa. Habari ilipofika barabara ya Mugango, ilishajulikana kwamba mwizi ana pikipiki nyekundu, maana pikipiki nyekundu ndiyo ilikuwa inapita.

Pikipiki ya Lukas ilikuwa nyekundu.

Nilikimbia. Nina magoti mabovu, na siku ile sikuwa na magoti. Nilipita kwenye mihogo, kwenye miba, kandambili zikabaki huko. Njiani vijana walinipita wakiniambia, "Bibi, kumbe uko hai, tulia nyumbani, tunamshughulikia!" Nilimrukia mmoja mgongoni, akanitupa kama gunia.

Nilipofika walikuwa wameshamshusha. Walimwangusha kwa jiwe la kifuani, kisha wakaanza na fimbo. Nilisikia kabla sijaona. Ule mlio wa fimbo kwenye mwili wa mtu unaujua ukiwa mbali. Begi lake lilikuwa limemwagwa barabarani, na mmoja ameinua kamba ile wanayofungia ng'ombe wakati wa kuchanja. "Kamba hii hapa! Kamba ya nini hii?" Mwingine amekanyaga chupa za dawa. Mwingine ameinamisha pikipiki, anakinga petroli kwenye kopo. Nilijua petroli ile ni ya nini, na nyie mnajua.

Lukas alikuwa amejikunja, mikono kichwani. Kofia yake ngumu ilikuwa imepasuka. Jicho moja lilikuwa halionekani lilipo. Mume wa Matrida, na povu lake shavuni, alikuwa anampiga ubapa wa panga mgongoni huku analia, sijui analia nini. Watu niliosali nao. Kwaya nzima ilikuwa pale.

Nilipita katikati ya miguu yao, nikamlalia. Fimbo mbili zilinipata mimi, moja mgongoni na moja sikioni, na hilo sikio mpaka leo linapiga filimbi. Nikapaza sauti, "Huyu ni daktari! Daktari wa mifugo kutoka Bunda, nimemwita mimi! Mwizi gani wa ng'ombe anakuja saa nne asubuhi na pikipiki? Ng'ombe angempakia wapi, kwenye keria? Wajinga nyie! Wajinga mliozaliwa na wajinga!"

Wengine wakasita. Lakini kundi likishaonja damu halirudishwi kwa maneno, na kopo la petroli lilikuwa linapitishwa mkono kwa mkono. Nikasimama. Nikashika fundo la khanga yangu kiunoni. Nikasema, "Nyote hapa ni rika la wanangu. Atakayemgusa tena huyu kijana, navua. Mnione nilivyo, mkaoze macho, wake zenu wazae mawe."

Hiyo walisikia. Mwanamume wa kwetu anaogopa laana hiyo kuliko bunduki. Walirudi nyuma wakijifunika nyuso, fimbo zikaanguka, kopo likamwagika kwenye mavumbi. Hata mume wa Matrida alikimbilia mtaroni na kugeuza kisogo. Nilidhani imekwisha, na nilikuwa nimeshaanza kuinama kumwangalia Lukas.

Amos hakugeuka.

Alikuja moja kwa moja, panga lake safi, halijatumika bado. Akasema polepole, "Mama mkubwa, toka hapo." Nikamwambia, "Amos, unanijua, unamjua na huyu." Akasema tena, "Toka." Alikuwa ananiangalia mimi. Hakumwangalia Lukas hata kidogo. Aliponyanyua panga, nikainua mkono wa kushoto.

Sikusikia maumivu. Nilisikia kitu kama kuni kavu inavunjwa. Nikaona vidole vyangu kwenye changarawe, viwili, na mbwa akaja kuvinusa, nikampiga teke. Kisha damu ikaanza kutoka nyingi. Wale waliojifunika nyuso wakafunua, wakaona. Hapo ndipo walimrukia Amos. Na yeye walimpiga, wale wale, kwa fimbo zile zile, mpaka nikalazimika kupiga kelele tena wamwache. Siku ile nilipiga kelele kwa ajili ya kila mtu.

Nilipiga magoti. Lukas alifungua mdomo, meno ya mbele hayapo. Akasema, "Mama... panya je?"

Nikamwambia, "Anapumua. Anakusubiri."

Sikujua. Baadaye ndiyo nilijua. Yowe lile la Jenipher lilikuwa la msiba. Afande alikuwa ameshakata roho mikononi mwake, na Lukas bado yuko barabarani anakimbiza sindano. Mtu amepoteza jicho na meno kwa ajili ya kumtibu panya aliyekwisha kufa. Nikifikiria hilo nataka kuvunja kitu, na mara nyingine navunja.

Walitupakia kwenye pikapu moja, mimi, Lukas na Amos, tukapelekwa hospitali Musoma. Njia nzima Lukas alinishika mkono mzima, na mimi nikamtukana Amos mpaka Iringo, tulipoingia mjini. Lukas aliishi. Amos anasema panga liliteleza. Sasa yuko mahabusu, na baba yake Alfonsi anazunguka kijijini akisema yowe ni yowe, kosa ni la aliyelipiga. Hakuna hata mmoja anayekumbuka alimpiga Lukas. Wote walikuwa nyuma, wote walifika wamechelewa.

Nilirudi nyumbani mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Uani kulikuwa na kaburi dogo, limepangiwa mawe vizuri. Na mlangoni kulikuwa na begi la Jenipher, limefungwa zipu, na yeye amesimama pembeni yake na tumbo lake, macho yamevimba.

"Ni mimi niliyelia, Mama," akasema. "Yote haya ni mimi. Nilikwenda kwa Lukas hospitali nikampigia magoti. Sasa nakupigia wewe, halafu naondoka. Nilikuambia tangu mwanzo."

Nilitaka kumshika miguu. Nasema wazi, nilitaka kujitupa pale chini nimng'ang'anie, mimi niliyesimama mbele ya petroli. Lakini mdomo wangu ndiyo huo, haujui kuomba. Nikasema, "Ulilia. Hukumshikisha mtu panga. Kama unaondoka ondoka, usinizibie mlango, nataka kulala."

Nikapita, nikajitupa kitandani, nikageukia ukuta. Mkono ulikuwa unawaka moto. Nesi alinipa vidonge vikubwa vya kuzuia usaha, na vile nilivyomeza nilikuwa nimevitapika njiani, vilivyobaki nimeviacha mezani nilipopita. Homa ilikuwa inapanda. Nilisubiri kusikia geti.

Nilisikia wembe. Unaujua mlio wa wembe kwenye kidonge ukishausikia asubuhi na jioni kwa miezi. Kisha mgongo wa kijiko, unasaga. Kisha harufu ya ndizi mbivu. Jenipher aliingia na kisahani, akakiweka, akakuna kichwa kama amesahau kitu. Akatoka, akarudi na begi. Akafungua zipu. Akatoa gauni, akaliweka kitandani kwangu. Akatoa kitenge, sweta, viatu, nguo za mtoto ambazo sikujua kama ameshaanza kununua, vyote akavirundika juu ya miguu yangu. Chini kabisa ya begi akapata alichokuwa anatafuta.

"Mama, geuka," akasema.

"Sitaki."

Akabonyeza kalamu. Ka!

Nilitaka kumtukana. Mtu mzima kama mimi, mjane, mwenye shamba, nimeoa kwa ng'ombe wangu mwenyewe. Nikageuka, nikafungua mdomo.